UZI: Vie ya Doja Cat mbele ya wahakiki. Sauti ya miaka ya 80 ilipimwaje?

#1 Kisenyi_Sauti

Wadau, salaam. Tangu Vie, albamu ya rapa na mwimbaji wa Marekani Doja Cat, itoke tarehe 26 Septemba 2025, ubishi juu yake umekuwa wa namba tu: huyu katoa nyota nne, yule tatu, tovuti ya Metacritic imesema hivi na vile. Namba hizo zinatufikia zikiwa zimeng'olewa kwenye maandishi yaliyozizaa, halafu watu wanagombana kwa sababu yake. Naomba uzi huu uwe wa kazi. Tueleze wahakiki walisikia nini, kwa nini jambo lile lile lilisifiwa na mmoja na kulaumiwa na mwingine, na anayetaka kuiandikia uhakiki wa Kiswahili kwa ajili ya redio ya jamii Kampala, Arua au Kasese aanzie wapi.

Misingi kwanza. Ni albamu yake ya 5, ina nyimbo 15, na mgeni ni mmoja tu, mwimbaji SZA, kwenye Take Me Dancing. Waliobeba sehemu kubwa ya utayarishaji ni Y2K na Jack Antonoff. Wimbo uliotangulia ni Jealous Type, uliotoka Agosti 2025. Kwenye Billboard 200, orodha ya albamu ya Marekani, iliingia nafasi ya 4, sawa na albamu yake Scarlet ya 2023. Planet Her ya 2021 ilikuwa imeanzia nafasi ya 2.

Kuna jambo ambalo usipolijua, nusu ya uhakiki wa albamu hii hutauelewa. Mei 2023 Doja aliandika mtandaoni kwamba Hot Pink na Planet Her, albamu mbili za pop zilizompa umaarufu, zilikuwa za kutafuta hela tu na wasikilizaji waliingia mkenge. Miezi michache baadaye ikaja Scarlet, rapu kwa sehemu kubwa, bila mgeni hata mmoja katika toleo la kwanza. Wimbo wake Paint the Town Red ukafika namba 1 Marekani. Miaka miwili ikapita, kisha mtu yule yule akarudi na pop iliyovaa miaka ya 80 kuanzia picha hadi kinanda. Kwa hiyo mhakiki aliianza Vie na swali moja: safari hii anamaanisha? Ndiyo maana usishangae ukikuta uhakiki unaanza na kauli zake za zamani kabla ya kufika kwenye muziki.

Kwa ujumla ilipokelewa vizuri. Sifa zilienda kwa uchangamfu wake, sauti yake ya kuimba, na jinsi albamu ilivyoshikamana. Lawama zilizojirudia ni mbili: nyimbo kadhaa zinafanana zikifuatana, na kuna mahali kuiga kunazidi kubuni. Nadhani lawama ya pili ndiyo inayostahili uzi mzima.

#2 MamaKaseti

Ssebo, umefungua vizuri. Nianze na namba, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotea.

Metacritic haisikilizi albamu. Inakusanya hukumu za magazeti, inazigeuza kuwa alama za kati ya 0 na 100, kisha inatoa wastani. Inahitaji angalau uhakiki 4 kabla ya kutoa alama, na wastani wenyewe una uzito: gazeti moja linaweza kuhesabika zaidi ya jingine, na uzito huo hawautangazi. Kwa muziki, 81 kwenda juu wanaita sifa za kila upande, 61 hadi 80 mapokezi mazuri kwa ujumla, 40 hadi 60 mchanganyiko.

Sasa tazameni ugeuzaji unavyofanya kazi. Nyota 4 kati ya 5 ni 80. Nyota 3 kati ya 5 ni 60. Kwenye gazeti la Uingereza kama The Guardian, nyota 3 maana yake ni albamu nzuri yenye kasoro, mtu anaweza kuinunua bila kujuta. Ikigeuzwa 60, inaangukia kundi la mchanganyiko, na msomaji wa Kampala anaona kama imefeli. Herufi nazo zina mkasa wake: A- ni 91, B+ ni 83, B ni 75, B- ni 67. Mhakiki anayetoa B- kwa upole ameishusha alama kuliko mwenye nyota 4 aliyeandika kwa ukali. Tovuti ya muziki ya Pitchfork inatoa alama za desimali, 7.2 inakuwa 72, hiyo angalau haipotoshwi.

Chukua mfano wa kubuni: magazeti matatu yametoa nyota 4, mawili nyota 3, moja 7.0. Jumla ni 80×3 + 60×2 + 70, yaani 430. Gawa kwa 6, unapata 72 bila kuhesabu uzito. Hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyesema 72. Ukisoma redioni kwamba wahakiki wameipa 72, umesema jambo ambalo hakuna mtu aliyelisema.

Jambo jingine ni muda. Tangu Julai 2015 albamu za dunia hutoka Ijumaa, na magazeti hukimbilia kuchapisha siku hiyo hiyo. Mara nyingi mhakiki hupewa nafasi ya kusikiliza siku chache kabla, wakati mwingine saa chache. Albamu ya nyimbo 15 ikisikilizwa mara mbili kisha ikaandikwa usiku, nyimbo za 9 hadi 13 ndizo zinazoumia, kwa sababu sikio limechoka. Ukiona uhakiki unaotaja nyimbo nne za mwanzo na moja ya mwisho, una sababu ya kuushuku. Angalia pia wameandika nini juu ya nyimbo za huko nyuma kama Acts of Service au Make It Up. Kama kimya, jua hivyo.

#3 FundiMitambo

Nijibu upande wa sauti, maana wahakiki wengi wanaandika "miaka ya 80" kama rangi ya ukuta, bila kusema kitu gani hasa kinaipa sauti hiyo jina.

Vitu vyenyewe vinajulikana na vina tarehe. Mashine ya dramu ya Linn LM-1 ilitoka 1980. Ndiyo ya kwanza kutumia sauti za dramu halisi zilizorekodiwa, na Prince aliigeuza kuwa saini yake. LinnDrum ikafuata 1982 ikiwa na matoazi ambayo LM-1 haikuwa nayo. Roland TR-808, nayo mashine ya dramu, ni ya 1980, sauti zake zote zinatengenezwa kwa umeme bila rekodi. Yamaha DX7 ni ya 1983, na kile kinanda chake chenye mlio wa kengele kiko kwenye nyimbo za mapenzi zisizohesabika za muongo ule. Roland Juno-106, sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme), ni ya 1984, na utamu wake unatokana na kitufe cha korasi kinachotanua sauti kushoto na kulia.

Halafu kuna snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Mlio ule mkubwa unaokatika ghafla ulipatikana studio ya Townhouse, London, mhandisi Hugh Padgham akiwa kwenye mitambo, kwa ajili ya albamu ya tatu ya Peter Gabriel iliyotoka 1980, na Phil Collins ndiye aliyekuwa anapiga dramu. Kwa wanaotaka kuelewa kwa kutenda, kwenye programu yoyote ya kurekodia:

Peleka snea kwenye mwangwi wa chumba kikubwa, sekunde 2 hivi. Baada ya mwangwi, weka geti ya sauti, kifaa kinachokata sauti. Geti ikae wazi kwa milisekunde 200 hadi 240, kisha ifunge haraka, ndani ya milisekunde 10 hadi 30. Kasi ya wimbo ikiwa mapigo 110 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 545 na nusu pigo ni 273. Mkia wa snea lazima ukatike kabla ya hiyo 273. Ukiuacha upite, unaikalia noti ya besi inayoingia kwenye nusu pigo na wimbo mzima unakuwa tope. Kosa la pili ni kuweka geti kabla ya mwangwi: hapo unakata snea yenyewe na mkia unabaki mrefu vile vile. La tatu ni kutumia snea moja kwa nguvu ile ile kila pigo. Dramu za miaka ile, hata za mashine, zilipita kwenye meza ya kuchanganyia na mtu alikuwa anagusa vitufe wakati wimbo unarekodiwa.

Sasa Vie. Ukisikiliza Jealous Type kwa hedfoni, juu kuna mavazi ya zamani: sinthesaiza zinazong'aa, besi ya fanki. Chini kuna mwili wa leo. Besi ni nzito kuliko ambavyo santuri ya wakati ule ingeruhusu. Kwenye santuri, besi kubwa inachukua nafasi kwenye mfereji na inaweza kurusha sindano, kwa hiyo wahandisi waliipunguza na kuiweka katikati. Sauti ya mwimbaji pia iko karibu mno na sikio, kavu, kama ilivyo desturi ya sasa. Kwa hiyo anayesema Vie imenakili miaka ya 80 hajasikiliza nusu ya chini, na anayesema haina uhusiano nayo hajasikiliza nusu ya juu.

#4 Bweyogerere256

Fundi, nimekuelewa, lakini ufundi huo hauondoi lawama. Mavazi ya zamani juu ya mwili wa leo ndiyo njia ya kila mtu sasa. Waimbaji The Weeknd na Dua Lipa walitoa albamu za namna hiyo Machi 2020, zote mbili katika mwezi mmoja. Vie inakuja miaka mitano baadaye. Mhakiki ana haki ya kuuliza imeongeza nini.

Na chukueni wimbo wa AAAHH MEN! wa albamu hii. Imejengwa juu ya muziki wa ufunguzi wa Knight Rider, tamthilia ya televisheni ya gari linaloongea iliyorushwa Marekani kati ya 1982 na 1986. Muziki huo huo rapa Busta Rhymes aliutumia mwishoni mwa miaka ya 90, na Panjabi MC akaupeleka kwenye kila harusi ya dunia. Kwa hiyo hiyo tayari ni kumbukumbu ya tatu. Msikilizaji wa Kampala mwenye miaka 35 anausikia kama Panjabi MC, wala haoni gari la miaka ya 80.

#5 MamaKaseti

Hoja yako ya Knight Rider ni nzito, nami naona ndiyo inayoupa wimbo uhai. Rapa anachukua kitu kilichokwisha kuwa mali ya hip-hop. Hiyo ni tofauti na mwimbaji wa pop anayekodi sinthesaiza.

Tuweke Vie kwenye ukoo wake. Rapa kuacha mistari na kugeukia muziki wa zamani si jambo jipya, na hukumu za wahakiki zimeyumba kila mara. André 3000 alifanya hivyo 2003 kwenye The Love Below, upande wake wa albamu ya OutKast, na mwaka 2004 albamu ikachukua Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka. Kanye West alitoa 808s & Heartbreak Novemba 2008, akiimba kwa Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, juu ya ile ile TR-808 ya Fundi. Iligawanya watu wakati huo. Baadaye ikaonekana kuwa mzazi wa kizazi kizima cha marapa wanaoimba huzuni. Childish Gambino aliachana na rapu kabisa kwenye "Awaken, My Love!" ya Desemba 2016, akaingia fanki ya miaka ya 70, na lawama aliyopewa ni hii hii: kuiga bendi ya Funkadelic mno. Hata hivyo wimbo wake Redbone ulipata Grammy. Tyler, the Creator alitoa Igor 2019, ikapewa Grammy ya albamu bora ya rapu, naye akalalamika hadharani kwamba msanii mweusi akichanganya mitindo bado anarudishwa kwenye sanduku la rapu. Rapa Lil Yachty akaingia roki ya kuelea hewani Januari 2023.

Ukiwapanga hivyo, unaona Doja anatofautiana nao kwa jambo moja. Wale walitoka kwenye rapu kwenda kwingine mara moja, na mshangao wa kuhama ukawapa alama. Yeye alikwisha kuwa nyota wa pop. Say So ya disko ilifika namba 1 Marekani mwaka 2020 pamoja na Nicki Minaj. Hakuwa na mshangao wa kuuza. Akirudi kwenye disko na fanki anahukumiwa kwa nyimbo zenyewe, na hilo ni gumu zaidi.

#6 Gulu_Masikio

Habari zenu wakubwa. Ninaomba kueleweshwa: hiyo besi nzito na mwangwi uliokatika, kwenye simu mimi sivisikii. Nasikia sauti ya juu tu na maneno. Na bando nayo ni shida. Kuna namna?

#7 FundiMitambo

Ndugu yangu wa Gulu, swali lako ni la msingi, na wahakiki wachache wanalifikiria.

Spika ya simu haiwezi kutoa vizuri sauti zilizo chini ya hezi 300 hivi (hezi zikiwa chache, sauti ni nzito). Besi ya albamu hii inaishi kati ya hezi 40 na 120. Kwa simu peke yake unasikiliza albamu iliyokatwa miguu. Tumia hedfoni za waya, hata zile za bei ya chini, ila zizibe sikio vizuri. Zikilegea, besi inatoka nje na unarudi pale pale. Hoofa ya dukani nayo ina kosa la upande wa pili: inavimbisha eneo moja, kama hezi 80, na kila wimbo unaonekana una besi ile ile. Ukihukumu albamu kwa hoofa utasema nyimbo zinafanana, na kosa litakuwa la sanduku.

Bando: hesabu ni rahisi. Kilobiti 320 kwa sekunde ni megabaiti 2.4 kwa dakika. Albamu ya dakika 45 inakula megabaiti 108. Kwa kilobiti 96 ni megabaiti 0.72 kwa dakika, yaani 32 na kidogo kwa albamu nzima. Tofauti ni megabaiti 75 hivi. Kwa kuwa bando letu limebeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, ilipofutwa ile ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, kila megabaiti ina uzito. Ushauri wangu: sikiliza mara ya kwanza kwa kiwango cha chini uone nyimbo zipi zinakuhusu, kisha pakua nne au tano kwa kiwango cha juu, uzihifadhi kwenye simu, usikilize mara nyingi bila mtandao. Kwenye kilobiti 96 kitu cha kwanza kuharibika ni matoazi na mkia wa mwangwi. Vinageuka mchanga. Katika albamu ya mtindo huu, hivyo ndivyo mhakiki anavyovijadili.

Zima pia kiboresha besi cha simu. Wengi wanakisahau kimewaka mwaka mzima.

#8 Arua_Mchambuzi

Naomba kuongeza upande wetu, kwa sababu wahakiki wa London na New York wanaandika kutoka kwenye kumbukumbu ambayo Uganda hatunayo kwa namna ile ile.

Doja amezaliwa Oktoba 1995. Miaka ya 80 kwake ni urithi wa kusikiliza. Kwetu nayo ilikuja kwa njia ya mzunguko. Hadi vita vinaisha Kampala Januari 1986, na miaka kadhaa baadaye, hewani kulikuwa na Redio Uganda tu. Redio binafsi za FM zilianza 1993, na Sanyu na Capital ndizo zilizotangulia. Kwa hiyo sauti ya sinthesaiza na snea kubwa ilitufikia kwa kaseti zilizonakiliwa, kisha ikarudi kwa nguvu miaka ya 90 kupitia vipindi vya nyimbo za mapenzi vya FM. Mtu wa Kampala akisikia DX7, anakumbuka salamu za redio za usiku. Mhakiki wa Marekani anakumbuka televisheni na video. Wimbo ni ule ule, kumbukumbu ni mbili.

Saksofoni nayo ni hivyo. Doja alipofungua tuzo za video za MTV kwa Jealous Type tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na mpiga saksofoni Kenny G jukwaani. Kwa Wamarekani saksofoni ile ni alama ya miaka ile ya 80, wanatabasamu wanapoiona. Kwa Uganda saksofoni haijawahi kuondoka. Bendi yetu ya Afrigo Band ipo tangu 1975 na Moses Matovu bado ndiye uso wake, akipuliza. Kwa hiyo mhakiki wetu akinakili sentensi ya gazeti la nje kwamba saksofoni inaturudisha nyuma, wasikilizaji wake watajiuliza nyuma wapi.

Nasisitiza hili kwa moyo wote: tuandike tunachosikia kutoka hapa tulipo. Albamu inauzwa dunia nzima, kwa hiyo masikio ya dunia nzima yana haki ya kuihukumu.

#9 Bweyogerere256

Arua, hapo umenigusa, banange. Lakini narudi kwenye rapu. Kama tunamwita rapa, tupime rapu yake. Watu wanasema "kuna rapu kidogo" bila kuhesabu. Ipo njia: chukua wimbo, weka saa, andika sekunde za kuimba, sekunde za rapu, sekunde zisizo na sauti. Fanya kwa nyimbo zote 15. Kisha angalia rapu imewekwa wapi. Kwenye pop ya kawaida ubeti wa rapu unakaa baada ya kiitikio cha pili, mahali pa daraja (kipande kinachovusha kwenda kiitikio cha mwisho), kama mgeni aliyealikwa. Ukiukuta mahali pengine, hapo ndipo pana ubunifu wa kuandikia.

Angalia pia vina. Akirapu hubadilisha sauti katikati ya mstari, anashuka, anaigiza mtu mwingine, anarudi. Hicho ndicho kipaji chake tangu zamani na hakitoki miaka ya 80 hata kidogo, kwa sababu rapu ya 1983 ilikuwa na vina vya mwisho wa mstari, pigo kwa pigo. Kwa hiyo nakubali jambo moja: anaporapu juu ya muziki ule, nyakati mbili zinagongana na kitu kipya kinatoka. Lawama yangu inabaki kwa nyimbo ambazo haruhusu mgongano huo. Pale anapoimba kwa ulaini juu ya sinthesaiza laini, hakuna kinachonizuia kuamini kwamba mwimbaji mwingine yeyote angeweza kusimama pale.

#10 MamaKaseti

Hiyo ndiyo lawama bora niliyosoma juu ya albamu hii, kwa sababu inaonyesha mahali. Wahakiki wengi wamesema inafanana bila kusema kwa nini. Ningeongeza mpangilio. Kufanana kwa nyimbo mara nyingi ni kufanana kwa kasi na ufunguo vikifuatana. Piga mapigo kwa kidole kwenye programu ya kupima kasi, au yahesabu kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4. Nyimbo tatu zikifuatana ndani ya tofauti ya mapigo 5 hivi, sikio linazisikia kama moja ndefu, hata maneno yakiwa mazuri kiasi gani. Kisha sikiliza wimbo wenyewe peke yake, nje ya albamu. Ukiwa bora peke yake, kosa ni la mpangilio na wimbo hauna hatia. Ni hukumu mbili tofauti, na mwandishi lazima aseme ni ipi.

Mimi upande wangu nakaa na wanaoisifu. Nyimbo Gorgeous na Stranger zinatosha kunionyesha mtu anayejua kuandika kiitikio. Na albamu ya pop yenye nyimbo 15 inayoshika rangi moja tangu mwanzo ni nadra siku hizi, wakati wengi wanajaza vipande ishirini na kitu kwa ajili ya hesabu za mitandao.

#11 Kisenyi_Sauti

Webale nyote. Sasa tugeuze haya kuwa kazi ya redio. Kipindi cha uhakiki kwenye redio ya jamii kwa kawaida kinapewa dakika 4. Ukitoa vipande vitatu vya nyimbo vya sekunde 25, umebaki na dakika 2 na sekunde 45 za kusema. Kiswahili kikisomwa kwa utulivu ni maneno 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo andika maneno 300 na usizidishe. Wengi huandika 600 kisha wanakimbia, na msikilizaji wa Kiryandongo au Busia anayefuata Kiswahili kama lugha ya tatu anaachwa njiani.

Kati ya maneno 300, tumia 40 kwa utambulisho: nani, lini, albamu ya ngapi. 60 kwa muktadha wa Scarlet na ile kauli ya 2023. 150 kwa sauti, na hapo lazima utaje angalau nyimbo tatu kwa jina na kitu kimoja kinachosikika katika kila mmoja. 50 zinazobaki ni hukumu yako. Wahakiki wa nje wape sentensi moja, utaje gazeti na walichosema kwa maneno, bila wastani wa Metacritic.

Tahadhari: albamu ina maneno makali. Tume ya Mawasiliano, UCC, ina viwango vya chini vya utangazaji, na kituo ndicho kinachobeba adhabu, mtangazaji baadaye. Tumia toleo lililosafishwa, na lisikilize lote kabla, kwa sababu toleo safi huondoa matusi lakini mada ya kitandani inabaki.

#12 Gulu_Masikio

Asante sana mkuu. Vipande vitatu nichague vipi? Na sauti ya muziki inakuwa juu kuliko yangu kila mara.

#13 FundiMitambo

Chagua vinavyobishana. Kimoja Jealous Type, kwenye mpito wa kuingia kiitikio. Cha pili AAAHH MEN! pale mlio wa Knight Rider unaposikika wazi, ili hoja ya Bweyogerere ijithibitishe yenyewe. Cha tatu wimbo wa polepole, watu wasikie akiimba bila kujificha.

Anza kila kipande mistari 4 kabla ya kiitikio. Kwa mapigo 110, mistari 4 ya mapigo manne ni mapigo 16, karibu sekunde 9. Hapo msikilizaji anapata muda wa kuingia, kisha kiitikio kinafika na bado una sekunde 16 za kukiacha kicheze.

Kuhusu ukubwa wa sauti: pop ya leo imebanwa sana, kwa hiyo hata mita ikionyesha mko sawa, muziki unasikika mkubwa. Shusha muziki desibeli 3 hadi 4 chini ya sauti yako kwenye mita. Unapozungumza juu yake, shusha 12 hadi 15. Na usiweke kompresa (kifaa kinachobana ukubwa wa sauti) kali kwenye mchanganyiko mzima. Kisambaza sauti cha kituo kina kompresa yake, zikikutana mbili ile snea tuliyoijadili inapotea yote.

#14 Arua_Mchambuzi

Nami nashika kipande cha Kilugbara na Kiswahili cha Arua, nyimbo za 8 hadi 15 ambazo magazeti yameziruka. Bweyogerere, chukua hesabu ya sekunde za rapu kwa nyimbo 7 za mwanzo. Rasimu tuziweke hapa hapa tuzikosoe kabla hazijaenda hewani.

#15 Bweyogerere256

Nimezichukua. Nitaweka jedwali la sekunde na kasi ya kila wimbo, na pale ambapo rapu imekaa mahali pasipotarajiwa nitaandika dakika na sekunde yake.